Mkwe Aliyepata Risasi

Simu ilipolia, Bi Sindano alikuwa jikoni kwa binti yake akichambua mchele. Alikuwa amestaafu uuguzi, lakini masikio yake hayakustaafu pamoja naye, na kila neno lililosemwa sebuleni lilimfikia kana kwamba ni yeye aliyepigiwa.

"Mmepata nini? Risasi?" Sauti ya binti ilipanda. "Nyingi? Ziko wapi? Ndani kabisa? Na fedha je? Hallo? Nasema, na fedha je? Hallo!"

Kisha simu ikakatika. Binti akatokea mlangoni, tumbo limetangulia, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika ukuta.

"Mama," alisema, "mume wangu amepata risasi."

"Amepigwa?"

"Amesema risasi, nyingi, ziko ndani kabisa. Halafu kuna kitu kuhusu fedha, ila upepo umekula maneno. Na amesema nisikwambie wewe."

"Nisiambiwe mimi!" Bi Sindano aliweka ungo chini. "Basi hali ni mbaya."

Tusimfiche msomaji walichofichwa hawa wawili. Mume wa binti alikuwa mjiolojia, na siku hiyo hakuna aliyempiga hata kofi. Kampuni yake ilikuwa ikitafuta madini ya fedha kaskazini ya mbali, kule ambako barabara ya lami hukata tamaa na kubaki vumbi, kisha vumbi nalo likakata tamaa yakabaki mawe. Na fedha ina tabia moja: haipendi kukaa peke yake. Mara nyingi hujificha ndani ya madini ya risasi, yale mazito ya kijivu, na jirani yao huwa ni zinki. Ukiipata risasi, unaweza kuwa umeikaribia fedha. Juma lile mtambo wa kuchoronga, ule wa kutoboa miamba, ulikuwa umetoa chini ya ardhi mwamba uliojaa risasi, na asubuhi ile, sampuli zikiwa zimeshapelekwa maabara, mjiolojia akapanda mbio kilima pekee chenye mtandao ili ampe mkewe habari njema. Kuhusu mama kutoambiwa, kampuni ilikataza habari zisivuje, na kumwambia Bi Sindano siri ni sawa na kuipandisha juu ya paa ukaipigia tarumbeta.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Tangu waoane alimwambia mkewe kwamba anatafuta fedha, basi. Risasi na zinki hakuwahi kuzitaja. Aliona hayo ni majina yasiyo na utukufu.

Na utukufu aliuhitaji, kwa sababu ya mama mkwe. Siku alipokuja kujitambulisha, kijana amevaa viatu vipya vinavyolia kama vifaranga, Bi Sindano alimuuliza anafanya kazi gani.

"Natafuta fedha, mama."

"Na nani hatafuti?"

Sebule nzima iliangua kicheko. Kijana alitazama viatu vyake, na tangu siku ile jina lake likawa Mtafutaji. Akija likizo, mama humuuliza mlangoni, "Umeipata, au bado imejificha?" Kijiko kikidondoka chini ya meza, mama husema, "Mwacheni Mtafutaji, hiyo ndiyo kazi yake. Tutakipata mwaka kesho." Naye hakuwahi kujibu hata mara moja. Alitabasamu kwa adabu, akanywa maji, akasema, "Ndiyo, mama." Mkwe hajibizani na mkwe, alijiambia, lakini ndani ya kifua alikuwa ameapa kwamba ipo siku atamwekea yule mama fedha mezani, kipande cha mwamba kinachong'aa, aone atasema nini.

Sasa, walipompigia, simu yake haikupatikana. Simu ya ofisi ya kampuni ililia bila kupokelewa, maana ilikuwa Jumamosi. Binti alianza kutafuta viatu.

"Unakwenda wapi na tumbo hilo? Daktari amekwambia upumzike. Naenda mimi."

"Mama, ni mbali mno."

"Nimeshona vidonda vya watu wazima waliokuwa wakinitukana huku nawashona. Mbali ndiyo nini?"

Akamwomba jirani aje kukaa na binti, akafungasha bendeji, pamba, glavu, dawa ya vidonda, uzi wa kushonea na mkasi wake wa wodini, ule ambao hospitali ilimpa zawadi siku ya kumuaga, au pengine alijipa mwenyewe. Jioni ileile alikuwa ndani ya basi, mkoba umepakatwa mapajani.

Basi lilimfikisha kwenye mji wa mwisho wa kaskazini. Huko aliulizia mpaka akaipata yadi ya kampuni, na ndani ya yadi lori la chakula na mafuta lililokuwa linaondoka kwenda kambini. Dereva alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya sufu na tabia ya kujibu swali baada ya kulitafuna kwanza.

"Mimi ni mama mkwe wa mjiolojia wenu," Bi Sindano alimwambia. "Nimesikia amepata risasi."

Dereva aligeuka kushoto, akageuka kulia. "Mama, nani amekwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Kweli ni kweli. Lakini hilo tumekatazwa kulitamka. Kampuni haitaki lijulikane."

"Hata sisi wa nyumbani?"

"Hasa watu wa nyumbani."

Bi Sindano alipanda lori akiubana mkoba kifuani. Kampuni inaficha! Walipoiacha lami akauliza, kwa ile sauti yake ya kuingilia chumba cha mgonjwa mahututi, "Sasa yeye mwenyewe yukoje?"

Dereva alitafuna swali. "Nilipoondoka juzi? Alikuwa kifudifudi juu ya mawe. Hali, halali. Ukimwambia inuka ukale, anaguna tu."

"Na nyie mnamwangalia tu?"

"Ukimgusa anakasirika, mama. Anasema tusimsogeze mpaka amalize."

"Amalize!" Bi Sindano alifunga macho. Aliwahi kuona wagonjwa wanaokata tamaa namna hiyo.

Njia ilikuwa ya mawe matupu pande zote, upepo wa baridi ukipenya kwenye mlango usiofunga vizuri, na lori likiruka kama mbuzi aliyeona fimbo. Humo ndani, katikati ya magunia ya viazi na madumu ya mafuta, Bi Sindano alimkumbuka mkwe wake. Alikumbuka jinsi anavyovua viatu mlangoni bila kuambiwa, na jinsi alivyokesha hospitalini akimkandakanda mkewe miguu wakati mimba ya kwanza ilipoharibika, mpaka wauguzi wakamfukuza naye akarudi kwa mlango mwingine. Kijana mwema. Na yeye, mama mtu mzima, neno la mwisho alilompa stendi lilikuwa gani? "Nenda salama, Mtafutaji, na ukiipata fedha nipigie, nikiwa hai." Hilo ndilo neno aliloondoka nalo!

Hapo ndipo alipoweka nadhiri. "Ee Mungu," alisema kimoyomoyo, huku kichwa kikigonga paa la lori, "nikimkuta hai, sitamtania tena maisha yangu yote."

Watu wengine huahidi mbuzi. Bi Sindano aliahidi kitu alichokipenda kuliko mifugo yote ya dunia, na Mungu, anayewajua waja wake, bila shaka aliipokea nadhiri ile kwa mshangao.

Kambi ilikuwa mahema machache na vibanda vya mbao vilivyokumbatiana kukwepa upepo. Juu kidogo ulisimama mtambo wa kuchoronga, mnara wa chuma unaonguruma, na chini yake yalikuwa yamepangwa masanduku marefu yenye mwamba uliotolewa ardhini, vipande vya mviringo kama michi ya kinu iliyokatwakatwa. Na pale, kando ya masanduku, kifudifudi, uso juu ya mawe, alikuwa amelala mkwe wake.

Bi Sindano aliruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama sawasawa. Alipokaribia aliona jambo lililomkata maini: kijana alikuwa ameshika jiwe, analilamba.

"Joto la kidonda limeshampanda kichwani," alisema, akapiga magoti, akachomoa mkasi. "Usijongee! Imeingilia wapi?"

Shati lilichanwa kutoka pindo hadi kola kwa pigo moja, kama afanyavyo mtu aliyezoea kushindana na kifo asubuhi na jioni. Mjiolojia alipiga ukelele, akageuza shingo, ulimi ukiwa bado na vumbi.

"Mama? Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyamaza. Mgongoni hamna tundu. Geuka."

"Mama, kuna nini?"

"Risasi iko wapi?"

Kijana alimtazama kwa butwaa, kisha, kwa kuwa alifundishwa kutii wakubwa, akaokota kipande cha mwamba akamwekea kiganjani. "Hii hapa."

Lilikuwa jiwe la kijivu, linalometameta, zito kupita ukubwa wake hata mkono ulishuka. Bi Sindano alilitazama jiwe, akamtazama mkwe, akarudi kwenye jiwe.

"Hii ndiyo risasi?"

"Madini ya risasi, mama. Ndani yake huenda mna fedha. Nalilamba kwa sababu jiwe likilowa rangi zake zinaonekana." Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika polepole kama mtu anayeona mgeni akikalia kofia yake. "Mlidhani nimepigwa risasi?"

Mtambo ulikuwa umezimwa kwa mshangao wa mgeni, kwa hiyo kambi nzima ilisikia. Wa kwanza kucheka alikuwa fundi mkuu wa mtambo, mzee mnene waliyemwita Mzee Keekee kwa sababu ya kazi yake ya kutoboa. Alicheka mpaka akashikilia mnara. Dereva, aliyekuwa akilitafuna jambo tangu yadini, alipolimeza naye alikaa chini.

Bi Sindano aliketi juu ya sanduku. Alikuwa na furaha ya kutaka kulia, na wakati huohuo neno lilimjia ulimini, neno tamu ajabu, kuhusu mtu mzima anayelipwa mshahara kulamba mawe. Lilikuja limekamilika, halihitaji hata kusuguliwa. Akafungua mdomo. Akakumbuka. Akaufunga.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Pole na kazi, baba."

Mjiolojia aliyeponea risasi isiyokuwepo alihisi baridi ikimshuka mgongoni, na si kwa sababu ya shati tu.

Alipanda kilimani mara moja kumpigia mkewe. Binti alilia, akacheka, kisha akamtukana kidogo, kwa mpangilio huo. Lori lisingerudi mjini mpaka juma lijalo, basi mama akapewa kibanda cha mkwe, na mkwe akahamia hemani kwa Mzee Keekee, aliyekoroma kwa sauti ya mtambo wake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa wote wawili. Bi Sindano hakuwahi kujua kwamba dunia ina vituko vingi namna ile mpaka alipokatazwa kuvisema. Mkwe wake alivaa miwani shingoni akaitafuta asubuhi nzima. "Pole, baba," alisema. Mkwe wake aliongea na jiwe, akaliambia, "Haya, nionyeshe." Mama alitazama pembeni akauma shuka alilojitanda. Jioni moja walikuwa wakinywa chai wakati kijana alipomweleza kwamba kabla ya shimo hili walitoboa mashimo mengine huku na huku, yote hayana kitu, nao wakayafukia kwa uangalifu mkubwa. Mtu anayesafiri mpaka mwisho wa dunia kwenda kuchimba mashimo na kuyafukia! Mama aliinamisha uso kwenye kikombe.

"Kazi ni kazi, mwanangu," alisema kwa shida.

Aliondoka upesi akaenda kumfunga bendeji mpishi aliyeungua kidole, na alimfunga nyingi mno, kidole kikawa kama gunzi la mhindi.

Kijana naye hakupata raha. Mwanzoni alidhani mama amechoka. Halafu akadhani ameaibika. Kisha akaanza kumtega makusudi: alivaa kofia kinyume, alijikwaa kwenye kamba ileile kila alipopita, akasema mbele yake, kwa sauti, "Sijui fedha imejificha wapi." Hakupata kitu. Alipata "Mungu atakusaidia, baba," na tabasamu la heshima, lile la kupokelea wageni wasiojulikana.

"Mama hanitanii," alimwambia Mzee Keekee wakipanga masanduku.

"Si ulikuwa ukilalamika anakutania?"

"Nilikuwa."

"Labda ameanza kukuheshimu."

"Hicho ndicho kinachoniogopesha. Wewe hujui, huyu mama huwa anawaheshimu watu asiowapenda. Alimwita mwenye nyumba wake wa zamani 'mheshimiwa' mpaka wakapelekana mahakamani."

Mzee Keekee alikuna kidevu. "Basi muulize."

"Nimuulize nini? 'Mama, mbona hunisimangi?' Utasikia wapi swali kama hilo?"

Hakumuuliza. Alingoja majibu ya maabara, maana sampuli zilikwishapelekwa siku kadhaa kabla ya lori la Bi Sindano. Alijua kwamba jibu likiwa zuri, atashuka kilimani na fedha mdomoni, na mambo mengine yatajipanga yenyewe.

Majibu yalikuja siku moja kabla ya lori kuondoka. Bi Sindano alikuwa ameketi nje ya stoo akimenya viazi alipomwona kijana akishuka kilima, polepole, simu mkononi, mabega yamelala. Alijua mwendo ule. Ndugu wa wagonjwa hutembea hivyo wakitoka kwa daktari. Akamsogezea ndoo aikalie.

"Wamejibu?"

"Wamejibu, mama."

"Fedha ipo?"

"Ipo." Alikaa. "Kidogo mno. Ukiusaga mlima wote, pengine utapata ya kijiko."

"Na risasi?"

"Inatosha kiasi. Kilicho kingi ni zinki. Zinki nyingi ajabu, meneja anashangilia huko mjini, anasema tuendelee kutoboa. Wote watafurahi." Akatazama mikono yake. "Mimi ndiye niliyetaka fedha."

Bi Sindano aliendelea kumenya. Alitaka kusema neno la faraja, na alikuwa nayo mengi, yaliyotumika miaka mingi. "Zinki ni nini hasa, baba?"

"Ile wanayopaka mabati yasishike kutu."

Kisu kilisimama. Mashahidi wa baadaye, yaani mpishi aliyekuwa dirishani, walisema mama alibadilika rangi. Alibana midomo. Akavuta pumzi kwa pua, akaizuia. Mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha ukuta ukabomoka.

"Bati!" Bi Sindano alisema. "Miaka yote hii umemwacha mwanangu peke yake, umelala juu ya mawe, umeulamba mlima mzima kama mbuzi mwenye hamu ya chumvi, kutafuta bati! Si ungeniambia tu mimi? Juu ya banda langu la kuku lipo!"

Akajiziba mdomo kwa mkono wenye maganda ya viazi.

Kijana aliinua kichwa. Alimtazama mama mkwe wake kwa muda, na uso wake ukafanya jambo ambalo sebuleni kule halikuonekana hata siku moja. Ukachangamka.

"Afadhali mimi, mama," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumjibu. "Mimi nimetoboa ardhi, nimepata angalau bati. Wewe umekuja mwendo wote huu kutafuta tundu mgongoni mwa mtu, ukanichania shati, na tundu lenyewe hujalipata. Sasa hapa Mtafutaji ni nani?"

Bi Sindano akacheka. Alicheka mpaka viazi vikadondoka kutoka kwenye beseni vikabingirika mavumbini, naye kijana akaanguka kutoka kwenye ndoo, na mpishi akacheka dirishani bila kujua ameruhusiwa au la. Walipotulia, mama alikuwa akifuta machozi, na machozi hayakuwa yote ya kicheko.

"Nimevunja nadhiri," alisema.

"Nadhiri gani, mama?"

Akamweleza: lori, magunia, kichwa kikigonga paa, alichomwahidi Mungu. Kijana alisikiliza mdomo wazi.

"Kumbe ndiyo sababu! Mimi nilidhani umenichukia."

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Mama, mimi siku zote nilidhani unanidharau."

"Mtu ninayemdharau humheshimu tu, yakaisha." Bi Sindano aliokota kiazi, akakipuliza vumbi. "Nikwambie. Wodini nilikuwa namtania kila mgonjwa. Anayejibu, najua huyo atapona, nakwenda kwa mwingine. Asiyejibu, nakaa naye. Wewe tangu uingie nyumbani kwangu hukuwahi kunijibu hata neno moja. Unanywa maji. Nikawa najiuliza, huyu kijana yupo kweli, au anapita tu? Nikazidisha dozi."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Ndiyo hayo, tuliheshimiana bure."

Kijana alifikiri kidogo, kwa kuwa ni msomi na wasomi hawaachi jambo likakaa. "Lakini mama, nadhiri yako ilikuwa ya mtu aliyepigwa risasi. Mimi sikupigwa. Kwa hiyo kisheria..."

"Usimletee Mungu jiolojia. Nitajieleza kwake mimi mwenyewe. Na kwa kafara naacha sukari kwenye chai."

"Sukari daktari alishakukataza."

"Basi daktari na Mungu watagawana."

Kesho yake lori lilipowashwa, mjiolojia alikuwa juu yake. Meneja alitaka abaki kwa sababu ya zinki, na zamani angebaki, akisubiri fedha ijitokeze kwenye shimo linalofuata. Safari hii alipanda kilimani akasema anaomba likizo, mkewe amekaribia kujifungua, na zinki imekaa ardhini tangu dunia iumbwe, haitakimbia. Alikuwa amevaa shati lake lililochanwa, limeshonwa mgongoni kwa uzi wa kushonea vidonda, mishono midogo iliyonyooka kuliko ya cherehani. Njia nzima walibishana nani akae dirishani. Dereva alisema baadaye kwamba hajawahi kusafirisha mzigo wenye kelele kama ule.

Binti aliwafungulia mlango amenuna. Alikuwa na hotuba ameiandaa tangu ile simu, kuhusu watu wasioeleza kazi zao na watu wanaosikiliza simu zisizo zao. Aliwakuta wanacheka, wamejaa vumbi mpaka kope, kila mmoja anamlaumu mwenzake kwa kupoteza mkoba ambao ulikuwa begani kwa mama. Hotuba ikamponyoka. Aliwaambia waoge kwanza.

Mtoto alizaliwa wa kike, salama, mwenye sauti ya kufika mbali. Baba yake alikuwepo mlangoni mwa wodi, na alipoona Bi Sindano, mwenye miaka yote ile ya kuzalisha watu, anashindwa kushika kikombe cha chai, alimuuliza kwa upole kama amletee muuguzi. "Wewe kaa kimya, mwenye mabati," alijibiwa, na mikono ikaacha kutetemeka.

Alirudi kaskazini mtoto alipoanza kutabasamu. Mtambo uliendelea kutoboa, zinki ikaendelea kuonekana, na fedha ikabaki na adabu yake ya kujificha. Kilichobadilika kambini ni foleni ya kilimani. Zamani alipanda mjiolojia peke yake kumpigia mkewe. Sasa kila jioni, jua likiwa bado lipo, mtu mmoja hupata sababu ya kumsalimia Bi Sindano: mpishi na kidole chake, dereva na tumbo lake linalokataa maharage. Wote hutukanwa vizuri, na wote hushuka wamechangamka.

Wa mwisho kabisa alikuwa Mzee Keekee, aliyeapa kwamba yeye hana ugonjwa na kilima kile ni cha vijana. Alipanda Jumapili moja, akipumzika kila baada ya hatua chache, akachukua simu, akasafisha koo kwa aibu, akasema kuna kikohozi, si kikubwa, kimekaa tu.

"Kimekaa tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo."

"Na ulikuwa ukingoja nini, kizae? Haya, kohoa nisikie."

Mzee Keekee aliwatazama wenzake waliosimama chini, akageukia upande wa mawe matupu, akaweka simu karibu na mdomo, akakohoa kwa nguvu zake zote.

"Tena," simu ikasema. "Na safari hii usinionee haya."